Anasa ya Mhadhiri: Kuchagua Amplifaya ya Santuri Tabata

Ukurasa huu umezoea kujadili bajeti, ardhi na Katiba. Leo naomba ruhusa ya msomaji nijadili amplifaya. Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, kijana makini na mwanaharakati wa kweli, alinikuta ofisini nikipitia katalogi ya amplifaya za Kijapani. Akaitazama bei, akanitazama mimi, kisha akauliza bila kupepesa macho: “Samahani Dokta, na hiyo nayo ni ya tabaka gani?” Swali ni zuri. Nilimwahidi jibu la maandishi, na ahadi ni deni.

Jibu linaanzia kwenye urithi. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kazi ilimpeleka Nairobi, yalikokuwa makao makuu ya shirika, mara tatu au nne kwa mwaka, na kila aliporudi alirudi na sahani za santuri. Ameacha sahani 163. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. LP ni kumi na tisa tu. Humo wamo NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Western Jazz na Kilwa Jazz, pamoja na Wakongo kadhaa ambao majina yao yamefutika kwenye vibandiko kwa kushikwashikwa. Sahani ya mwisho aliinunua mwishoni mwa 1976. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, Jumuiya ikavunjika, mali za shirika zikagawanywa, na safari za Nairobi zikaisha. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, kaseti zilikwisha kutawala, na baba alikuwa mtu mwingine. Wanahistoria wana njia nyingi za kuonyesha namna Jumuiya ile ilivyokatika. Mimi ninayo rafu ya santuri.

Vijana huniuliza kwa nini muziki wa Morogoro ununuliwe Nairobi. Sababu ni kwamba bendi zetu zilirekodiwa kwa wingi na Redio Tanzania Dar es Salaam, tena kwa ustadi mkubwa, lakini kwenye utepe na kwa ajili ya kurushwa hewani. Kiwanda cha kufyatulia sahani hatukuwa nacho. Bendi iliyotaka wimbo wake uwe kitu cha kushikwa mkononi ilifunga safari ya Nairobi, na kampuni za huko, Polydor ikiwa mojawapo, ndizo zilizotoa sahani. Taifa lililokuwa likiajiri wanamuziki kupitia chama cha wafanyakazi, jumuiya ya vijana, polisi na jeshi, lilikuwa na sauti yake, lakini plastiki ya kuihifadhia sauti hiyo ilikuwa ya jirani.

Upo pia mwaka 1983 wenyewe. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi, baba aliifunga gramafoni yake katika gunia akaificha kwenye banda la kuku kwa majuma matatu, kwa kuwa hakuwa na risiti yake. Nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Mama ndiye aliyenisimulia, na kila mara husimulia akicheka kuhusu kuku waliogoma kutaga. Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Halikusema neno lolote kuhusu gramafoni, na karani wa reli hakuwa kiongozi. Lakini hofu ya kumiliki husambaa mbali kuliko sheria inayoizaa. Naamini swali la mwanafunzi wangu lina damu ya banda lile la kuku, ingawa yeye alizaliwa miaka ishirini baadaye.

Sasa niingie kwenye kifaa chenyewe. Amplifaya jumuishi ni sanduku moja lenye kazi mbili: kuipokea ishara dhaifu na kuiweka sawa, kisha kuipa nguvu ya kusukuma spika. Kifaa cha kuchezea CD huleta ishara ya karibu volti 2, hivyo kazi ya kwanza huwa nyepesi. Santuri ni habari nyingine. Katriji ya kawaida, ile yenye sumaku inayocheza kwa kufuata sindano, hutoa milivolti 3 hadi 5. Ile ya ghali, ambayo koili ndiyo inayocheza, mara nyingi haifiki hata nusu milivolti. Sehemu ya amplifaya iitwayo fono inapaswa kuikuza ishara hiyo mara 100 kwa aina ya kwanza, au mara 1,000 kwa aina ya pili, kabla jambo lingine lolote halijafanyika. Kila uchafu uliomo kwenye waya, kwenye umeme au kwenye saketi yenyewe hukuzwa pamoja nayo.

Isitoshe, sahani huchongwa kwa upotofu wa makusudi. Besi hupunguzwa ili mfereji usiwe mpana kupita kiasi, na sauti za juu huongezwa ili zishinde mkwaruzo wa plastiki. Tangu miaka ya 1950 viwanda vilikubaliana juu ya kanuni moja, RIAA, na fono hulazimika kuigeuza kanuni hiyo kinyume: kuongeza karibu desibeli 20 kule chini kabisa, kupunguza karibu desibeli 20 kule juu kabisa, na katikati kufuata mchoro kwa uaminifu. Ni kama hesabu za vitabu viwili. Fono ikikosea marejesho yake, husikii tena gitaa la Mbaraka, unasikia makosa ya mhasibu.

Kwa hiyo anayetafuta amplifaya ya santuri aanzie fono, asianzie wati. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hapa Tabata neno amplifaya lina maana moja tu, nayo ni kelele. Kutoka Bima hadi Segerea kila mwenye jambo la kusema analisema kwa wati elfu moja: baa, nyumba ya ibada, muuza laini za simu, gari la dawa ya mende. Wakazi wa Tabata ndio walioipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu katika kesi ya mwaka 1988 kuhusu dampo, na hoja ya haki ya kuishi ikasikilizwa kwa heshima iliyostahili. Wanafunzi wa sheria huisoma kesi hiyo mpaka leo. Wa kufungua kesi ya spika bado hajajitokeza.

Sebule yangu ina mita nne kwa tano. Spika zangu hutoa desibeli 88 kwa wati moja zikipimwa umbali wa mita moja, na hicho ni kiwango ambacho mazungumzo ya kawaida hayawezi kushindana nacho. Ili sauti ipande desibeli 10 unahitaji wati mara kumi. Tofauti kati ya amplifaya ya wati 20 na ya wati 100 ni desibeli 7 tu. Muuzaji anayekutajia wati kabla ya fono anakuuzia kitu anachojua kukihesabu.

Nilianza na Wajapani. Luxman, kampuni iliyozaliwa 1925, ina amplifaya za daraja A zinazotoa wati 20 tu, na ndani yake mna fono ya katriji za aina zote mbili. Accuphase nayo ina za daraja A, na ina kitufe ambacho nitakieleza punde, ila kadi yake ya fono hununuliwa kando. Daraja A maana yake ni kwamba transista hazipumziki: umeme hupita ndani yake wakati wote, muziki uwepo usiwepo, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto. Sauti yake ni laini, sikatai. Tuchukulie kifaa kinachokula wati 200 kwa saa nne kila jioni: ni uniti 0.8, na kwa bei ya takribani shilingi 350 kwa uniti, inakuwa chini ya shilingi 300. LUKU hailalamiki. Anayelalamika ni kapasita. Kanuni ya mafundi ni kwamba kapasita za kemikali hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kifaa kilichobuniwa kwa sebule ya Yokohama mwezi Novemba kikiwekwa chini ya bati la Tabata mwezi Februari, kinazeeka kama mwalimu wa shule ya msingi.

Halafu kuna umeme wenyewe. Vifaa vya soko la ndani la Japani hutumia volti 100. Sisi tunatumia 230. Anayeagiza kilichotumika kutoka Tokyo kwa bei ya kumvutia lazima anunue na transfoma ya kushusha umeme. Nimepima kwa mita yangu pale sebuleni: saa mbili usiku volti 196, saa tisa usiku volti 244. Kifaa cha thamani ya gari dogo hakiwezi kuachwa kinyumbuke namna hiyo bila stabilaiza. Ongeza usafiri wa mzigo wa zaidi ya kilo 20, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya yote hayo.

Nilifika pia kwa mzee mmoja, mtumishi wa serikali mstaafu anayeishi Upanga, ambaye anayo McIntosh ya Marekani yenye zile mita za rangi ya buluu. Nilikwenda na sahani kumi za baba nimezifunga kwa kanga ya mama. Tulianza na moja ya NUTA Jazz. Wimbo huo nimeujua maisha yangu yote kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti, na siku hizi kwa simu, kutoka kwa mtu aliyeipakia kaseti kama hiyo hiyo. Sikuwahi kujua kwamba una gitaa la besi. Sikuwahi kujua kwamba waimbaji ni watatu. Nilidhani ni wawili. Mmoja wao husimama nyuma kidogo, na kwenye kiitikio cha pili husogea mbele, unamsikia akisogea. Mzee aliona uso wangu akasema, “Subiri kwanza, mwanangu,” akabonyeza kitufe cha mono. Mkwaruzo ukashuka kama mvua iliyoondoka juu ya bati, bendi ikabaki.

Hicho ndicho kitufe nilichoahidi kukieleza. Kwenye sahani ya mono, muziki wote umo katika mwendo wa sindano wa kushoto na kulia. Katriji za leo, zilizotengenezwa kwa stirio, husoma pia mwendo wa juu na chini, na kwenye sahani ya mono mwendo huo haubebi muziki wowote: ni vumbi, mikwaruzo na uchakavu. Swichi ya mono huzijumlisha njia mbili, na ule uchafu wa juu na chini hujifuta wenyewe kwa wenyewe. Sahani nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1960 ni mono. Kwa mkusanyo kama wa baba, swichi hiyo ina thamani kuliko wati 80 za ziada. Nikarudi kwenye katalogi. Rega Elicit ya Uingereza, yenye wati 105 na fono ninayoiheshimu, haina. Nyingine nyingi za kisasa hazina. Nyingi pia zimeondoa tundu la kurekodia, lile lililokuwa likipeleka ishara kwenye tepu kabla haijaguswa na kitasa cha sauti. Wabunifu wamemtazama mteja wao, mtu wa Ulaya au Marekani mwenye LP mpya za stirio, wakaondoa asichokihitaji. Wana haki yao. Sisi hatumo kwenye hesabu hiyo, na hakuna sababu ya kujifanya tumo.

Jambo hili limenisumbua zaidi kuliko bei. Wanafunzi wangu huniambia muziki wa zamani ni “mwembamba”. Wanautetea kwa heshima, kama mtu anavyomtetea bibi asiyesikia vizuri, lakini hawaufurahii. Nami sasa najua kwamba hawajawahi kuusikia. Wamesikia nakala ya nakala, besi ikiwa imeliwa na kichwa cha kaseti, waimbaji watatu wakiwa wamebanwa kuwa wawili. Hukumu yao juu ya babu zao imetolewa kwa ushahidi uliochakachuliwa. Na anayetaka ushahidi bora hulazimika kuununua nje: miaka ya 1980 ni kampuni ya Original Music ya Marekani iliyotoa mkusanyo ulioitwa The Tanzania Sound; baadaye ni Buda Musique ya Paris iliyotoa mfululizo wa Zanzibara, ukiwemo mmoja wa bendi zetu za zama za Ujamaa. Nawashukuru wote wawili kwa dhati. Lakini mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu nyimbo za chama cha wafanyakazi wa Tanganyika, na maktaba yake ni duka la Paris, ana haki ya kuuliza watu wa rika langu tulikuwa wapi.

Sasa nimjibu kijana wangu moja kwa moja. Amplifaya hii ni ya tabaka la makarani na watoto wa makarani. Sina haja ya kuivika vazi la ukombozi. Hata wakati ule, sahani ilikuwa mali ya mwenye mshahara wa mwezi. Mkulima na kuli wa bandarini waliusikia muziki huo huo redioni, au dansini kwa kiingilio. Wanamuziki wenyewe, walioajiriwa kwa mshahara, hawakutajirika kwa sahani hata moja. Nisichokubali ni dhana kwamba mtu wa mrengo wa kushoto anapaswa kusikia vibaya. Wafanyakazi walioimba wakiwa chini ya chama chao hawakuimba ili wasikike kwa redio iliyopasuka spika. Walifanya mazoezi. Waligombana juu ya solo. Kulisikia gitaa la besi walilolihangaikia ni sehemu ndogo ya kuwatendea haki, na ikiwa ni anasa, basi ni anasa ambayo ningependa iwepo katika kila maktaba ya mkoa, kuanzia Kigoma.

Nilichochagua hatimaye ni Sansui ya katikati ya miaka ya 1970. Ililetwa na familia iliyorudi kutoka Maskati, na ina kichaguzi cha volti nyuma yake, swichi ya mono, kichujio cha mitetemo ya chini, na matundu mawili ya kurekodia. Kichujio ni cha lazima kwangu: sahani za Dar es Salaam zimepinda kwa joto, na sahani iliyopinda huipeleka sindano juu na chini kwa mwendo wa polepole ambao sikio halisikii, lakini amplifaya huukuza na spika hupiga kifua bila sababu. Nililipa shilingi 1,400,000. Kapasita zote zilibadilishwa Kariakoo kwa 450,000. Katriji mpya 380,000, stabilaiza 250,000. Jumla ni 2,480,000, kiasi ambacho kisingetosha hata robo ya Mjapani mpya wa daraja A akishafikishwa mlangoni.

Fundi ni mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyejifunza kazi kwenye redio za valvu. Nilimuuliza, kwa adabu, kama nisingefanya vyema kuvumilia mwaka mmoja zaidi nikanunua mpya. Hakuinua macho kutoka kwenye chuma cha kulehemu.

“Dokta, ile mpya ikiharibika utaandika barua pepe. Hii ikiharibika utaniletea mimi.”

“Na wewe, mzee wangu, ukichoka?”

“Huyo,” akasema, akamwonyesha kwa kidevu binti wa miaka kama ishirini aliyekuwa akisoma thamani za kapasita kwa sauti ili yeye aandike. Ni mjukuu wake. Amesoma elektroniki VETA, na mchoro wa saketi ya Sansui anausoma kuliko mimi ninavyosoma mkataba wa gesi.

Mwenzangu nyumbani ana maoni yake kuhusu sanduku la kilo 16 lililochukua nafasi ya kabati la vyombo, na maoni hayo ni ya haki. Tumekubaliana kabati lirudi, Sansui ihamie ukuta wa pili, mbali na dirisha. Mama, ambaye sasa anaishi nasi, hutaka sahani zake mbili tu, na huzitaka kila siku.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya baa za Kimanga kuamka, wanafunzi wawili hufika nyumbani, mmoja wao akiwa yule yule mwuliza swali. Tunasafisha sahani kwa maji yaliyochujwa na kitambaa laini, tunaipiga kwa mono, na kupitia tundu la kurekodia tunaihamishia kwenye kompyuta bila kuipunguza ubora. Hatupakii mtandaoni, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, na warithi wa wanamuziki wengi wapo hapa hapa jijini, hawajaulizwa. Tunaandika kibandiko, namba ya sahani, majina yaliyosomeka. Tumefika sahani ya 41. Ya 42 ni ya Cuban Marimba, na imepinda kama sahani ya ubwabwa. Tumeilaza kati ya vioo viwili, juu yake nimeweka juzuu nne za sheria za nchi, na kijana amependekeza tuongeze ripoti ya Mkaguzi Mkuu kwa kuwa ndiyo nzito zaidi. Jumamosi ijayo tutaitoa tuone kama sindano itavuka.